Kaka yuko tayari kunilipia programu ya kuchora samani. Nikubali?

Mzee wa Karakana, shikamoo.

Mimi ni mhasibu, mkazi wa Tanga, mama wa watoto wawili. Useremala si kazi yangu, naufanya kwa mapenzi tu. Nyuma ya nyumba tuna banda lililokuwa la kuku. Sasa lina meza ya kazi, msumeno wa umeme wa mkononi, drili, patasi kadhaa na randa mbili, moja ya marehemu baba. Jumamosi mchana nikishamaliza ya nyumbani, huko ndiko ninakopatikana. Nimeshatengeneza stuli, meza ya kusomea ya binti yangu, na kabati la vyombo ambalo mama mkwe anapenda kuwaonyesha wageni kabla hawajakaa. Mbao ngumu napata vipande vya msaji vinavyotoka upande wa Muheza. Kazi za kabati natumia bodi za kiwandani, MDF au marine bodi.

Siku zote nimechora kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Kisha kijana mmoja ofisini akanionyesha SketchUp, ile ya bure inayofunguka kwenye kivinjari. Nilivyoona mstatili unavutwa juu unakuwa kabati, nilifurahi kama mtoto. Lakini sasa imenifikisha njia panda, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza, haifunguki bila intaneti, na bando langu la mwezi linaisha kabla ya mwezi. Pili, nilitaka programu ihesabu vipande na kunipa orodha ya kukatia bodi, nikaelezwa kwamba jambo hilo linahitaji nyongeza, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani yake, na toleo la bure halikubali nyongeza. Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Nilipomsimulia akasema, "Hilo tu? Nipe jina la programu, nalipia mwaka mzima." Mume wangu anaona ni anasa: kulipia programu kwa mtu anayetengeneza stuli za nyumbani! Mpwa wetu yuko chuo cha ufundi, anasema wote tunajisumbua, yeye ana Fusion, programu nyingine ya kuchora, aliyowekewa kraki, yaani imevunjwa kufuli ya malipo, na anaweza kuniwekea bure. Tena ana akaunti ya mwanafunzi, anasema nitumie hiyo kama kraki naiogopa. Na fundi mmoja jirani, mtu mzima ninayemheshimu, ananiambia seremala anayehitaji kompyuta bado hajawa seremala.

Kuna jambo lililonisukuma zaidi. Hivi karibuni nilinunua bodi iliyoandikwa milimita 18, nikachora kabati la droo kwa 18. Nilipoipima nyumbani kipimo kikasema 16. Ilibidi nikae usiku nikirekebisha mchoro kipande kwa kipande.

Kompyuta yangu ni ya zamani kidogo, ina RAM ya GB 4 na Windows 10. Nichukue pesa ya kaka? Au nibaki na vya bure, na kama ni bure, ni ipi? Halafu wenzangu wawili kazini wameona picha za kabati wakaomba niwatengenezee la viatu, na wanataka kunilipa ufundi. Sijui kama hilo linabadilisha chochote.

Mpenda Randa, Tanga

---

Marahaba, Mpenda Randa.

Jibu la mkato kwanza: pesa ya kaka usiichukue kwa ajili ya programu, kazi yako ihamishie FreeCAD, programu nyingine ya kuchora, na lile daftari la miraba usilitupe. Sasa nitoe mchanganuo, maana najua mhasibu hakubali jumla bila kuona ilikotoka.

Naanza na lile uliloliweka mkiani kama vile ni dogo, la wenzako wanaotaka kukulipa. Linabadilisha karibu kila kitu. SketchUp ya bure imetolewa kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na Fusion ya bure ya kampuni ya Autodesk nayo imetolewa kwa sharti la namna hiyo. Kabati la vyombo ulilomtengenezea mama mkwe halina tatizo. Kabati la viatu la mwenzako, ukishapokea ufundi wake, mchoro wake umetoka nje ya masharti uliyoyakubali siku unafungua akaunti. Najua hakuna askari atakayekuja Tanga kukagua. Lakini wewe unaishi kwa kusaini vitabu vya watu, na sidhani kama ungependa kuanza biashara yako ya kwanza kwa namna hiyo.

FreeCAD ni ya bure kwa maana nyingine kabisa. Ni programu huria. Leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, ya kujifurahisha au ya kuuza, bila kuuliza mtu na bila kuhesabiwa michoro. Ukitengeneza kabati moja au mia, ni wewe na mteja wako. Kwa hiyo unapolinganisha vya bure na vya kulipia, tenga kwanza hivi vya bure katika mafungu mawili: kile ambacho kampuni inakuachia utumie kwa masharti yake, na kile ambacho hakuna mwenye uwezo wa kukunyang'anya. Watu wengi hulinganisha bei tu, wakasahau kusoma masharti.

Na masharti hubadilika. SketchUp ilitolewa mwaka 2000 na kampuni ndogo ya Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Google wakainunua mwaka 2006 na kuigawa bure, na hapo ndipo maseremala wa kujifurahisha duniani kote walipoipenda: inakaa kwenye kompyuta, haina bando, inakubali nyongeza. Mwaka 2012 ikauzwa kwa kampuni ya Trimble. Toleo la bure la kukaa kwenye kompyuta, lililoitwa Make, likaishia na lile la 2017, na wa bure wote wakaelekezwa kwenye kivinjari. Ilipofika mwishoni mwa 2020 hata wale waliokuwa wakilipa mara moja na kumiliki toleo lao wakaambiwa mauzo ya aina hiyo yamefungwa, sasa ni kulipa mwaka kwa mwaka. Mwaka huohuo Autodesk nao walibana Fusion ya bure: michoro unayoweza kuihariri kwa wakati mmoja isizidi kumi, mingine uifungie kabatini kwanza. Aliyekuwa na thelathini alikaa akichagua.

Sizilaumu kampuni hizi. Zina wafanyakazi wa kulipa, na programu ni mali yao. Ninachosema ni kwamba mtu aliyejifunza useremala wake wote ndani ya chombo cha mwenzake hana sauti siku mwenye chombo akibadili mawazo. Kulipia programu kwa mwaka ni kupanga nyumba: kodi ikiisha mlango unafungwa. Katika SketchUp unaruhusiwa angalau kuvitoa vyombo kwa dirishani, kwa sababu faili zako bado zitafunguka katika toleo la bure, lakini nyongeza ulizozizoea zinabaki ndani.

Hapo tuingie kwenye ofa ya kaka yako. Kuna ngazi zaidi ya moja ya kulipia SketchUp. Ile ya chini, Go, inazidi kidogo dola mia moja kwa mwaka. Ile inayoitwa Pro inapita dola mia tatu. Bei hizi hupanda, na kodi huongezeka juu yake kulingana na nchi unayolipia. Mtu mwenye huruma na dada yake, asiyejua useremala, atanunua Go, na itakuwa pesa iliyotupwa. Go ni ya kwenye kivinjari na iPad. Haikai kwenye kompyuta yako kama programu kamili na haipokei nyongeza za kuhesabu vipande. Shida zako mbili, bando na orodha ya kukatia, zote zinabaki palepale. Unachokihitaji wewe kiko kwenye Pro, ambako unaweza kuweka nyongeza kama OpenCutList. Hiyo yenyewe ni ya bure na ni nzuri mno, inapanga vipande juu ya bodi na kukuonyesha pa kukata. Kwa hiyo kwa hesabu yako, bei ya orodha ya kukatia ni zaidi ya dola mia tatu kila mwaka, kwa kabati ngapi? Ukishagawanya utaona mume wako hajakosea sana, ingawa ungeweza kumwomba asiite anasa kitu kinachomfanya mama yake ajivunie.

Nisiwe mnafiki: SketchUp inafundishika upesi kuliko zote. Ile furaha yako ya mstatili kuvutwa ukawa kabati ni ya kweli, na FreeCAD haitakupa furaha hiyo siku ya kwanza. Utakapoifungua utakuta vitufe vya wahandisi wa mashine, wa majengo, wa mabomba, wote wamerundikana, na utatamani kuifunga. Usiifunge. Imegawanywa katika meza za kazi, na wewe unahitaji tatu tu: ile ya maumbo inayoitwa Part, ile ya majedwali inayoitwa Spreadsheet, na TechDraw kwa ajili ya kuchapa mchoro wenye vipimo. Nyingine zote zione kama chumba cha jirani. Tena uchukue toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 au lolote la baada yake. Matoleo ya nyuma yalikuwa na ugonjwa mbaya: unabadili kipimo kimoja, kipande kingine kinarukia upande usiojulikana au kinavunjika kabisa. Katika 1.0 ugonjwa huo umepunguzwa sana. Ukikutana na mtu anayeisema vibaya, muulize aliitumia lini.

Sasa nikwambie kwa nini nadhani wewe hasa, kuliko seremala mwingine yeyote aliyewahi kuniandikia, utaipenda. Ni hilo jedwali.

Turudi kwenye bodi yako ya 18 iliyotoka 16. Hili si la kwako peke yako. Bodi zinazouzwa kwetu hutofautiana unene hata zikiwa na maandishi yaleyale, na mbao ndiyo usiseme: ubao wa inchi moja ukishapigwa randa pande zote unabaki kama robo tatu ya inchi. Kwa seremala anayechora kwa unene ulioandikwa dukani, kila safari ya dukani ni hatari. Tuseme kabati lako lina upana wa nje wa milimita 800. Mbavu mbili za 18 zinakula 36, nafasi ya ndani inabaki 764. Reli za droo zile za gololi zinataka nusu inchi kila upande, yaani kama milimita 12.7, jumla 25.4. Droo yako basi ina upana wa 738. Ikija bodi ya 16, nafasi ya ndani inakuwa 768, na ukiwa umeshakata droo za 738, kuna pengo la 30 mahali palipotakiwa kama 26. Reli zitalegea, au hazitashika mpaka upachike vibanzi nyuma yake. Milimita mbili za bodi zimezaa milimita nne za pengo, kwa sababu mbavu ni mbili.

Katika SketchUp ulirekebisha kipande kwa kipande usiku kucha kwa sababu kila ubao pale umechorwa peke yake, haujui habari za mwenzake. Katika FreeCAD unafungua jedwali, seli moja unaiita "unene" na kuandika 18. Nyingine unaiita "upana" na kuandika 800. Ya tatu, "ndani", unaandika fomula: upana kutoa unene mara mbili. Ya nne, "droo", ni ndani kutoa 26. Kisha unachora kabati kwa maboksi bapa, maana kabati la MDF ni hayo tu, na urefu, upana na kimo cha kila boksi, pamoja na mahali linapokaa, unavifunga kwenye seli hizo. Siku umetoka dukani na bodi ya 16, unabadili seli moja tu. Mbavu, rafu, droo na mgongo vinajirekebisha vyenyewe mbele ya macho yako. Hiyo ni kazi unayoifanya ofisini kila siku, isipokuwa safari hii jedwali linatoa kabati.

Kinachohitajika ni kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Pima bodi dukani kabla hujalipa, pembe zote nne, na andika ulichoona, usiandike ulichoambiwa.

Kuhusu orodha ya kukatia, nadhani umeogopeshwa bure. Kwa MDF na marine bodi, wale wenye mashine ya kukata hawahitaji mchoro wako wa kuzunguka pande zote. Wanataka karatasi: kipande hiki urefu wake, upana wake, viko vingapi, na kingo zipi zibandikwe ukanda. Urefu na upana umeshavipata kwenye jedwali. Unaweza kuvinakili na kuvipanga kwenye programu yoyote ya hesabu uliyonayo. Kupanga vipande juu ya bodi, kwa kabati moja au mawili, nitakuonyesha kwamba hata daftari lako la miraba linaweza.

Bodi ni milimita 2440 kwa 1220. Chukua rafu ya vitabu ya kimo cha 1800, upana wa nje 800, kina cha 300, yenye rafu tano, bodi ya 18. Unahitaji mbavu mbili za 1800 kwa 300 na rafu tano za 764 kwa 300. Pasua bodi kwa urefu wake kuwa kanda za 300. Zinatoka nne: 1200, na meno ya msumeno yakila milimita 3 mara tatu inakuwa 1209. Kanda mbili zinatoa mbavu. Ya tatu inatoa rafu tatu. Ya nne inatoa mbili, na inabaki kama sentimita 90 za kutengenezea droo. Bodi moja imetosha.

Sasa sema umependa kina cha 310, sentimita moja tu zaidi, kwa sababu kwenye kioo inaonekana vizuri. Ukipasua kwa urefu vilevile, bila kugeuza kipande chochote, kanda nne zingetaka 1240, bodi haina. Zinatoka tatu, unabaki na ukanda wa sentimita 28 usiofaa, rafu mbili hazina pa kutoka, na unarudi dukani kununua bodi ya pili. Sentimita moja kwa bei ya bodi nzima! Mchoro mzuri wa kulipia, ukiutazama kwa macho tu, hautakwambia hilo. Nyongeza ya kupanga vipande itakwambia, lakini itakapokwambia umeshachora. Seremala anayeanza na bodi ndiye anayejua kwamba kina cha vitabu kinaanzia 300 kwenda chini. Hapa ndipo huyo fundi jirani yako ana haki yake. Mtu kama yeye amebeba hesabu za bodi kichwani miaka yote hiyo, hana cha kutafuta kwenye kompyuta. Ila kichwa chake hawezi kukuazima, kwa hiyo mheshimu na uendelee na jedwali lako.

Mbao ngumu ni habari nyingine. Kwa vipande vya msaji vya kubahatisha, vyenye fundo huku na ufa kule, orodha ya kompyuta haina maana kubwa. Hapo unageuza ubao mkononi, unaangalia nyuzi zinaelekea wapi, unaamua. Mguu wa meza unauchora kupata umbo na vipimo vya jumla, mengine ni jiliwa na patasi.

Kompyuta yako itaiweza FreeCAD kwa kabati la kawaida, mradi usifungue na vitu vingine kumi pembeni. Faili lipakue siku ukiwa na intaneti ya bei nafuu, au mtu akuletee kwenye flashi, na baada ya hapo unachora banda zima bila bando. Ukipata nafasi ya kuongeza RAM ifike GB 8, fanya hivyo kabla ya kununua programu yoyote. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, kwa hiyo iko siku utahamia kwingine. FreeCAD inakaa pia kwenye mfumo wa kompyuta uitwao Linux, ambao nao ni bure. Fusion kwa mashine hiyo ingekutesa, hata ingekuwa halali.

Na ya mpwa si halali, kwa njia zote mbili. Akaunti ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi na masomo yake, haichori kabati la viatu la kuuzwa. Kraki ni mbaya zaidi. Ili ikubali kuwekwa, mara nyingi utaambiwa uzime kwanza kinga ya virusi, na mtu anayekuomba uzime kinga kabla hajaingia unamjua nia yake. Kompyuta ya mhasibu ina nywila za benki, na huenda ina vitabu vya mwajiri. Mwambie mpwa asante, kisha umpe kazi: yeye ni kijana, akufundishe FreeCAD, itamfaa na yeye chuoni.

SketchUp ya bure usiifute. Itumie kwa yale ya nyumbani kwako, unapotaka kuona haraka kama kabati litaziba dirisha. Jambo moja tu: kila ubao ukishauchora, ufanye kuwa komponenti, yaani kipande kinachojitegemea, hapohapo kabla hujaugusisha na mwingine, la sivyo mistari inagandana na ukivuta mmoja inafuata yote. Nakala ya faili ishushe kwenye kompyuta, isikae kwenye hifadhi yao peke yake. Na ujue kwamba FreeCAD haifungui moja kwa moja faili za SketchUp, kwa hiyo kabati unalotarajia kulirudia kwa wateja lichore upya kwenye FreeCAD tangu mwanzo.

Kuna siku ya kulipia? Ipo. Ikiwa wenzako wawili watakuwa kumi, na mtu anataka aone jiko lake lote kwenye picha kabla hajatoa malipo ya awali, na wewe unachora matatu kwa mwezi, basi uharaka wa SketchUp Pro utakuwa na thamani ya pesa, na gharama yake utaigawa juu ya kazi kama unavyogawa gharama ya gundi na msasa. Mteja ndiye atakayeilipa. Kwa makabati mawili ya viatu, hapana. Siku hiyo ikifika, lipa kwa kadi iliyo kwa jina lako na uzime kule kujilipa kwenyewe kila mwaka, watu wengi hukumbuka programu waliyoiacha pale dola zinapokatwa.

Kaka yako asivunjwe moyo. Ametaka kukusaidia, na msaada upo: akija likizo akuletee kalipa ya kidijitali na klampu nne ndefu za kufika sentimita 120. Kabati la viatu litazihitaji siku ya kugundisha. Na akisisitiza kuwa pesa ya programu ameshaitenga, iende kwenye RAM.